Kwa Nini M-Pesa Haikushika Hapa? Somo la Biashara kutoka Braamfontein



Kila mwaka wa masomo unapoanza, wageni wapya wakishafika hapa Wits kutoka Nairobi, Dar, Kampala au Bukavu, kuna swali ambalo lazima liulizwe kabla wiki ya kwanza haijaisha. Mtu ametua, amepata chumba, anataka kumrudishia mwenzake hela ya teksi, anatoa simu mfukoni. "Kwani huku hakuna M-Pesa?" Akiambiwa hakuna, anashangaa. Nchi yenye barabara hizi na treni ya Gautrain inakosaje kitu ambacho bibi yake kijijini anacho?

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, na jibu lake si "hawajafikia huko". M-Pesa ililetwa hapa. Ilizinduliwa mwaka 2010, ikazinduliwa tena mwaka 2014, ikafungwa tarehe 30 Juni 2016. Walioileta hawakuwa wababaishaji. Ni Vodacom, kampuni yenye hela, yenye mtandao nchi nzima, na yenye ndugu zake Kenya na Tanzania wa kuwauliza ilivyofanyika. Lengo lao lilikuwa wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Mpaka wanafunga, waliokuwa wanaitumia kweli kweli walikuwa kama 76,000 tu.

Katika makala hii nataka kueleza kwa nini mbegu iliyoota Kenya kama magugu ilinyauka huku. Jambo lenyewe linatuhusu sisi moja kwa moja. Wengi wetu tunapanga kurudi nyumbani na "wazo la biashara" tuliloliona huku, na mtaji wenyewe mara nyingi ni akiba ya wazazi au kiwanja cha familia. Kwa hiyo kabla ya kuiga, tujue kinachoigwa ni nini. Nitaanzia nje ya geti la chuo, hapa hapa Braamfontein, kwa sababu mtaa huu ni darasa tosha.

MTAA HUJITENGENEZEA BIASHARA ZAKE

Johannesburg haina bahari wala mto wa maana. Iko hapa ilipo kwa sababu moja: mwaka 1886 ilipatikana dhahabu. Hata chuo chetu kimetokana na mashimo hayo hayo. Kilianza kama shule ya madini kule Kimberley, kikahamishiwa huku mwaka 1904 kwa sababu migodi ilihitaji mainjinia, na mwaka 1922 kikawa chuo kikuu kamili.

Braamfontein yenyewe ilikuja kuwa mtaa wa ofisi: makao makuu ya makampuni, bima, ofisi za jiji. Halafu miaka ya 1990 makampuni mengi yakaanza kuikimbia kati ya jiji kwenda kaskazini, hasa Sandton. Mwaka 2000 hata soko la hisa likahamia huko. Nyuma yakabaki maghorofa yasiyo na wapangaji. Wakati huo huo ubaguzi wa rangi ulikuwa umeondolewa kisheria, na vijana weusi waliokuwa wamefungiwa mlango walikuwa wanaingia vyuoni kwa wingi, wengi wao wakitoka mbali na wakihitaji pa kulala.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Upande huu ghorofa tupu, upande ule mwanafunzi asiye na chumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kama South Point zikaanza kugeuza ofisi kuwa hosteli. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Nelson Mandela, lenye urefu wa mita 284, likapita juu ya reli na kuiunganisha Braamfontein na Newtown ng'ambo ya pili. Mwaka 2012 Gautrain ikafika Park Station. Watu wakarudi, na hela ikarudi nao.

Palipo na watu, wengine hufuata bila kuitwa. Tembea Jorissen au De Korte saa saba mchana uone: wanaochapa na kuweka jalada kwenye tasnifu, wasusi, wauza chaja na kava za simu, na wauza kota, yaani robo ya mkate iliyochimbwa katikati ikashindiliwa chipsi na soseji. Kota si chakula cha kitalii. Ni hesabu: shibe ya mtu mwenye hela kidogo na nusu saa kabla ya kipindi kinachofuata. Ndugu zetu wa Kampala wanalijua jambo hilo kwa jina jingine. Rolex ya Wandegeya, chapati iliyoviringishwa na mayai, ilipata umaarufu wake kwa wanafunzi wa Makerere kwa hesabu ile ile.

Biashara hizi zote zina mapigo ya moyo ya aina moja, nayo ni kalenda ya chuo na siku ya kutoka kwa hela. Sisi wa Tanzania tunalijua bumu, Wakenya wana HELB yao. Hapa kuna NSFAS. Tangu mwaka 2018, mwanafunzi wa Afrika Kusini anayetoka familia yenye kipato kisichozidi rand 350,000 kwa mwaka anaweza kusomeshwa kwa ruzuku, si mkopo, na ruzuku hiyo inagusa mpaka chumba. Maana yake, mwenye hosteli akipiga hesabu zake, mlipaji mkubwa si mwanafunzi bali serikali. Serikali ikichelewa, na imeshachelewa zaidi ya mara moja, mtaa mzima unakohoa. Na ikifika Desemba, ukipita De Korte utadhani kuna msiba.

Linganisha na kwetu. Makerere ilipoanza mwaka 1992 kupokea wanafunzi wa kujilipia, wenye viwanja pale Kikoni wakajenga hosteli, wakalipwa na wazazi moja kwa moja. Mlimani kwetu Dar, vyumba vilipungua mpaka wanafunzi wakabuni neno, "kubebana", watu wawili kitanda kimoja. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 2017 serikali ilipojenga mabweni ya wanafunzi 3,840, ambayo kila mtu anayaita hosteli za Magufuli. Shida moja, mwanafunzi hana pa kulala, imepata majibu matatu. Johannesburg palikuwa na maghorofa yaliyokimbiwa, Kampala palikuwa na wenye viwanja na wazazi wanaolipa, Dar palikuwa na serikali iliyoamua kujenga. Anayetaka kupeleka hosteli za mtindo wa Braamfontein kule Changanyikeni ajiulize kwanza: yale maghorofa matupu yako wapi, na nani atalipa kodi kwa mkupuo?

MBEGU ILE ILE, UDONGO MWINGINE

Haya, turudi kwenye M-Pesa.

Kenya ilizinduliwa Machi 2007. Mwanzo wa wazo lenyewe haukuwa kutuma hela. Majaribio ya mwaka 2005 yalihusu watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wenye mradi wakagundua kwamba watu wanaitumia kwa jambo jingine kabisa, kutumiana hela wao kwa wao. Safaricom wakalifuata hilo. Waliwakuta watu wako tayari kwa sababu hali ya Kenya ya wakati ule ilikuwa hivi: baba au kijana yuko Nairobi, familia iko ushago, na hela lazima iende. Mwenye akaunti ya benki alikuwa karibu mtu mzima mmoja tu kati ya watano. Waliobaki walimpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu.

Ongeza mambo mengine matatu. Kwanza, Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko la simu, kwa hiyo unayemtumia hela naye karibu kwa hakika ana laini hiyo hiyo. Pili, Benki Kuu ya Kenya iliiacha huduma ianze huku ikiitazama; sheria kamili ya mifumo ya malipo ilikuja baadaye, mwaka 2011. Tatu, na hili husahauliwa sana, kila kona ya Kenya palikuwa na duka dogo la mtu binafsi, mwenye duka anajulikana kwa jina, ana hela taslimu kwenye droo. Huyo ndiye aliyegeuka wakala. M-Pesa haikujenga matawi. Iliyakuta yameshajengwa, yanauza sukari na sabuni.

Sasa njoo huku, mwaka 2010. Sheria ilitaka huduma ya namna hii ishikwe na benki, kwa hiyo Vodacom wakaungana na Nedbank. Chini ya sheria ya FICA ya mwaka 2001, kama ilivyokuwa ikitumika wakati ule, kufungua akaunti kwa kawaida kulidai kitambulisho na uthibitisho wa unapoishi. Ni mambo mepesi kwa mwenye nyumba Rosebank, magumu kwa mpangaji wa kibanda cha bati cha uani Alexandra. Soko la simu nalo lilikuwa limegawanyika kati ya Vodacom, MTN na Cell C, kwa hiyo huna uhakika kama mama yako kule Limpopo yuko mtandao mmoja na wewe.

Lakini kubwa kuliko yote, shida yenyewe ilikuwa imeshapata madaktari wengine. Mwaka 2004 mabenki makubwa yalileta akaunti ya bei nafuu iliyoitwa Mzansi, ikafunguliwa na mamilioni. Capitec, benki iliyoanza mwaka 2001, ilikuwa inawachukua watu wa kipato cha chini kwa kasi. FNB walikuwa wameleta eWallet mwaka 2009: unamtumia mtu hela kwa namba ya simu ya mtandao wowote, anaitoa kwenye mashine ya ATM bila hata kuwa na akaunti. Na asiyetaka benki alikwenda kaunta ya Shoprite, akatuma hela huku ananunua unga. Hapo ndipo unaona tofauti ya madukani. Uchumi wa rejareja wa Afrika Kusini umeshikwa na minyororo ya maduka makubwa. Yale maduka madogo ambayo Kenya yalikuwa uti wa mgongo wa M-Pesa, huku hayakuwa na nguvu hiyo.

Kwa hiyo mwaka 2014 walipojaribu tena, safari hii na Bidvest Bank na kadi juu yake, walikuwa wanauza maji kwa mtu ambaye nyumbani ana bomba. Si kwamba maji yalikuwa mabaya.

Tanzania ndiyo mfano wa katikati, na naupenda zaidi. M-Pesa ilianza kwetu Aprili 2008 kwa jina lile lile. Baada ya miezi 14 ilikuwa na wateja kama 280,000. Kenya, kwa muda huo huo, ilishakuwa na milioni 2.7. Nchi ni kubwa, watu wametawanyika, mawakala walikuwa wachache, na hapakuwa na kampuni moja iliyolimeza soko lote. Lakini huduma haikufa kwa sababu shida ilikuwepo, hela lazima ifike kijijini na benki haipo. Wakajifunza taratibu, wakaajiri mawakala upya, mitandao mingine ikaingia na huduma zake. Na ule mgawanyiko wa soko uliokuwa kikwazo ukazaa ubunifu wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana wateja wao watumiane hela mtandao kwa mtandao, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijathubutu, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Kenya, yenye bingwa mmoja, haikuwa na haraka hiyo.

SHERIA NAYO NI UDONGO

Hali ya mahali si benki na maduka tu. Swali la nani anaruhusiwa kusimama wapi, na kwa uhakika gani, nalo lina uzito wake.

Kutoka Wits mpaka Constitution Hill ni mwendo wa miguu. Pale palikuwa na gereza, leo ipo Mahakama ya Katiba. Oktoba 2013 Jiji la Johannesburg liliendesha operesheni iliyoitwa Clean Sweep. Maelfu ya wachuuzi wa kati ya jiji waliondolewa barabarani, wakiwemo waliokuwa na vibali halali vya jiji hilo hilo. Vyama vyao vikaenda mahakamani, na tarehe 5 Desemba 2013 Mahakama ya Katiba ikaamuru kwa dharura kwamba wachuuzi waliohusika warudi sehemu zao huku kesi kubwa ikiendelea. Mwaka uliofuata mahakama ikatoa sababu zake kwa maandishi, na haikuwa na maneno laini kwa jiji.

Mtanzania akiisoma habari hiyo anaona kwao. Desemba 2018 Rais Magufuli alianza kutoa vitambulisho kwa machinga kwa shilingi 20,000, wakaruhusiwa kupanga biashara zao karibu kila mahali. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani na kupelekwa maeneo maalumu. Miaka mitatu, kanuni mbili tofauti.

Mimi nimewahi kukaa kwenye semina za ujasiriamali ambazo mtoa mada anamwambia mchuuzi "afikirie kwa ukubwa", kana kwamba udogo wa biashara yake ni ugonjwa wa akili. Hebu tufikiri pamoja. Kama kesho askari wa jiji anaweza kuchukua kila ulichonacho, utanunua mali kiasi gani? Utanunua unayoweza kuikunja kwenye shuka na kukimbia nayo. Utajenga kabati la vioo? Hujengi. Utaandika hesabu ili benki ikukopeshe? Utaandika ili iweje? Yule mama anayeuza ndizi na soksi juu ya kreti hajakosa elimu. Amepima hatari vizuri kuliko mtoa mada.

Kwa wageni hatari hiyo inazidishwa. Mei 2008 watu 62 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra, na maduka ya wageni yameporwa tena mara kadhaa tangu hapo, ikiwemo 2015 na 2019. Kisheria kuna milango na kuna kuta. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Rufani iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha Wasomali dhidi ya mamlaka za Limpopo, kwamba mkimbizi au mwomba hifadhi asiye na njia nyingine ya kuishi hawezi kunyimwa haki ya kuomba leseni ya duka. Huo ni mlango. Lakini anayetaka viza ya biashara kwa kawaida anadaiwa mtaji wa rand milioni 5. Huo ni ukuta. Na sisi wa viza ya masomo tunaruhusiwa kazi ya muda isiyozidi saa 20 kwa wiki, si kufungua duka. Basi usishangae wageni wengi wa jiji hili kuwekeza kwenye mali inayouzika haraka badala ya kuta na samani. Wanafuata walichofundishwa na mahali.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Pamoja na hayo yote, vuka reli uende mpaka mtaa uliokuwa ukiitwa Jeppe, siku hizi Rahima Moosa. Wenyeji wanauita mtaa wa Wahabeshi. Kuna jengo pale linaitwa Medical Arts, na jina linajieleza: lilikuwa la madaktari. Madaktari walipohama na wateja wao kwenda kaskazini, vikabaki vyumba vidogo vidogo vingi, kila kimoja na mlango wake. Kwa kampuni kubwa chumba kama hicho ni takataka. Kwa Mhabeshi aliyefika miaka ya 1990 na robota la nguo, kinatosha kabisa: kodi ndogo, mlango wa kufunga usiku, na mwenzake chumba cha pili wa kumkopesha mali. Leo wafanyabiashara wa Zimbabwe, Zambia, Malawi na Msumbiji wanashuka na mabasi Park Station, wananunua Jeppe, wanarudi kwao kuuza.

Mkenya hapa anatabasamu, maana ameshaiona sinema hii. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia Januari 1991, Wasomali wengi walikimbilia Nairobi, Eastleigh. Kulikuwa na nyumba ya wageni inaitwa Garissa Lodge. Wapangaji wakaanza kuuza bidhaa humo humo vyumbani, vyumba vikageuka maduka, na kutoka hapo Eastleigh ikawa soko la jumla linalolisha nusu ya ukanda wetu. Medical Arts na Garissa Lodge hawakuigana. Mahali pawili palikuwa na vitu vinavyofanana: vyumba vidogo vya kodi nafuu, wageni wanaoaminiana kwa ukoo na lugha, barabara ya mabasi mlangoni, na nchi za jirani zenye njaa ya bidhaa. Hali zikifanana, majibu hufanana hata bila kunakili.

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliliandika jambo hili mwaka 1890: kazi ya aina moja ikikaa sana mahali pamoja, ujuzi wake unaacha kuwa siri ya mtu na kuwa mali ya mtaa. Aliyekwenda Kamukunji Nairobi anajua. Kijana anayegonga masanduku na majiko ya bati pale hakusoma popote, alisimama karibu na anayegonga. Ndiyo maana ukimhamisha fundi mmoja mmoja kwenda kwenye jengo jipya la halmashauri nje ya mji, umemhamisha yeye lakini mtaa wake umeubakiza nyuma.

UDONGO PIA HUBADILIKA

Nisieleweke kwamba mahali ni hatima. Biashara nayo huugeuza udongo iliyoota.

Mfano ni M-Pesa yenyewe. Ilipokwisha kuenea, ikawa ardhi ya wengine. M-Kopa walianza kuuza Nairobi mwaka 2012 taa za sola kwa malipo madogo madogo ya kila siku. Bila M-Pesa biashara hiyo isingewezekana, maana gharama ya kumfuata mteja kijijini kudai shilingi 40 ingekula faida yote. Miaka ya karibuni M-Kopa wamefika hadi hapa Afrika Kusini. Lakini tazameni akili yao: hawakuja na taa za sola, kwa sababu nyumba nyingi huku zimeshaunganishwa na umeme. Wamekuja na simu za mkopo. Waliyoichukua kutoka Kenya ni mbinu ya kumkopesha asiye na hati ya mshahara. Bidhaa wameichagua hapa.

Vyuo navyo vinaweza kugeuza udongo, kwa kiasi. Mwaka 2016 Wits ilifungua Tshimologong pale Mtaa wa Juta, kituo cha ubunifu wa dijitali kilichoasisiwa na marehemu Profesa Barry Dwolatzky, na IBM wakaweka humo maabara yao ya utafiti, ya pili Afrika baada ya ile ya Nairobi ya mwaka 2013. Ni kitu kizuri. Ila kumbukeni mpangilio wa mambo kwetu. iHub ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa na bei ya intaneti kuanza kushuka. Waya ulitangulia, watu wakafuata, ukumbi ukaja kuwakutanisha. Serikali nyingi zinapenda kuanza na ukumbi kwa sababu ukumbi una utepe wa kukata.

MASWALI MANNE KABLA YA KUFUNGA BEGI

Kwa hiyo wewe unayerudi na wazo, nakuachia maswali haya manne. Si kanuni za vitabuni. Nimeyaokota hapa mtaani.

1. Biashara hii inajibu shida gani hapa, na kwetu shida hiyo inatatuliwa na nani sasa hivi? Usiseme "hakuna mtu". Daima kuna mtu: dereva wa basi, shangazi, kikundi cha kuwekeana hela, mganga. Huyo ndiye mshindani wako.

2. Inaegemea nini ambacho hukijengi wewe? M-Pesa iliegemea maduka madogo, hosteli za Braamfontein ziliegemea maghorofa matupu na hela ya serikali. Ukiondoa egemeo, nini kinabaki?

3. Hela ya mteja inatoka lini na kwa nani? Bumu, mshahara wa mwisho wa mwezi, mavuno ya Julai, au kibarua cha kila siku? Bei na namna ya kulipa lazima zifuate hapo.

4. Nani anaweza kukuondoa kesho, na ukiondolewa utabaki na nini? Kama jibu linatisha, anza kidogo na usione haya.

Wahenga walishasema habari ya kumwiga tembo, na mwisho wake mnaujua. Lakini naona kwenye vikao vyetu tunalikosea somo lenyewe. Tunadhani maana yake ni usijaribu makubwa. Mimi naona maana yake ni ujue tembo anakula nini na anakunywa wapi kabla hujamfuata. Vodacom walikuwa wakubwa, na bado walikwama. Mhabeshi alikuja na robota moja, akapata chumba kilichomtosha.

Ningependa toleo lijalo wengine mjaze pale nisipopajua vya kutosha. Mtu wa Goma au Bukavu atuandikie biashara zinavyokwenda pale mpaka ukifungwa. Mtu wa Mombasa atuambie reli mpya ya mwaka 2017 iliwafanya nini wenye malori na mama lishe wa Mariakani. Andikeni kwa majina ya mitaa na kwa hesabu, si kwa maneno makubwa. Mhariri yupo, na kurasa zipo.

Wasalaam.